Pikipiki kuukuu haijafa: Namna ya kuifufua nyumbani na kununua spea mpakani bila kupata hasara

Katika miji ya mpakani kama Busia, Malaba, Namanga na Mutukula, pikipiki nyingi zinazoonekana barabarani ni za India na China zilizoingia kwa wingi kuanzia miaka ya 2000. Hata hivyo, nyuma ya maduka, kwenye stoo na hata kwenye mabanda ya kuku, bado zimelala pikipiki za kizazi kilichotangulia. Hizo ni Honda za CG, Yamaha AG100, Suzuki A100 na nyinginezo ambazo zamani ziliwabeba mabwana shamba, mapadri na maofisa wa miradi ya maendeleo.

Wamiliki wengi huziuza kwa bei ya chuma chakavu wakiamini kwamba spea zake hazipatikani tena. Kwa baadhi ya pikipiki hizo imani hiyo ina ukweli. Kwa Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, si kweli, na sababu yake inatokana na biashara zaidi kuliko ufundi.

Suala hili lina uzito kwa mfanyabiashara mdogo. Pikipiki iliyolala stoo ni mtaji uliolala. Lakini pia pikipiki iliyofufuliwa kwa spea zisizo zake inaweza kumla mwenyewe fedha zaidi ya mpya, kuzuiliwa mpakani, au kumuua kwenye mteremko kwa breki mbovu.

Kwa nini CG125

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pikipiki ndogo nyingi za Honda zilikuwa na ekseli ya kufungulia valvu juu kabisa kwenye kichwa cha silinda, ikizungushwa na cheni ndogo ya ndani. Mtindo huo hutoa nguvu nzuri, lakini unahitaji oili safi na mtu wa kukaza cheni hiyo kwa wakati.

Wahandisi wa Honda waliozuru nchi zinazoendelea, zikiwemo za Asia, walikuta hali tofauti. Pikipiki zilibebeshwa mizigo kupita kiasi, oili haikubadilishwa kwa wakati, na marekebisho yalifanywa pale tu chombo kilipogoma. Wakaamua kurudi kwenye muundo wa zamani, yaani ekseli ya valvu ikakaa chini ndani ya injini, ikazungushwa kwa gia, na valvu zikasukumwa na fimbo mbili za chuma ambazo mafundi huziita pushrodi.

Matokeo yake ni injini isiyo na cheni ya ndani ya kulegea, yenye vipande vichache na inayovumilia uzembe. Aidha, cheni ya kuvuta gurudumu la nyuma ilifunikwa kwa kava kamili, hivyo vumbi na matope havikuifikia kirahisi. Injini ina silinda yenye kipenyo cha milimita 56.5 na pistoni inayosafiri milimita 49.5. Ukipiga hesabu unapata sentimita za ujazo 124, ndizo zinazoitwa cc 125.

Pikipiki hiyo ilitengenezwa Japani, Brazil, Uturuki na Pakistan. Nchini Brazil ndiyo iliyofungua kiwanda cha Honda cha Manaus mwaka 1976. Nchini Pakistan bado inatengenezwa kwa muundo uleule wa pushrodi. Maana yake kibiashara ni kwamba mtambo uliobuniwa karibu miaka 50 iliyopita bado una soko hai la spea mpya.

China iliingiaje

Chanzo kikubwa zaidi cha spea ni China. Viwanda vingi vya huko vilichukua muundo wa injini ya CG125 na kuuzalisha chini ya majina mengi. Kenya ilipofuta VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250 mwaka 2008, pikipiki za bei nafuu zilimiminika, na biashara ya bodaboda, ambayo jina lake lilizaliwa kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka wa Busia, ikahamia rasmi kwenye injini.

Pamoja na pikipiki hizo zilikuja kontena za spea, ambazo ndizo leo zinazoweza kuifufua Honda ya mwaka 1980 iliyolala nyumbani. Pistoni, ringi, valvu, gasketi, kabureta, sahani za klachi na pushrodi za injini za Kichina aina ya CG mara nyingi hukaa kwenye Honda asilia, kwa kuwa zilinakiliwa kutoka kwake.

Neno la kuzingatia hapo ni "mara nyingi". Nakala si pacha. Kiwanda kimoja kiliongeza meno ya ekseli, kingine kikabadili urefu wa silinda, kingine kikapanua kipenyo ili kupata cc 150 au 200. Kauli ya muuzaji kwamba "hii inaingia tu, mkubwa" haitoshi. Kinachotosha ni spea ya zamani mkononi na kipimo.

Aidha, si kila pikipiki ya bodaboda ni ndugu wa CG. Bajaj Boxer na TVS HLX, ambazo zimejaa Afrika Mashariki, zina ekseli ya valvu juu na cheni ya ndani. Pistoni, kichwa na valvu zake hazihusiani na CG. Mnunuzi anayeletewa "spea ya 125" bila kuuliza ni ya injini gani anajitafutia safari ya pili.

Kusoma namba ni nusu ya ufundi

Injini za Kichina hupigwa namba ambayo ukijua kuisoma inakuepusha na makosa mengi. Mfano ni 156FMI. Tarakimu ya kwanza, 1, ni idadi ya silinda. Namba 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita bila desimali. F ni injini inayopozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ni kundi la ujazo, ambapo I ni 125, J ni 150 na L ni 200.

Kwa hiyo pistoni ya 162FMJ ina kipenyo cha milimita 62 na haiwezi kuingia kwenye silinda ya CG125, hata kama pikipiki zote mbili zinaitwa CG dukani. Hata hivyo, namba hiyo haielezi kama injini ni ya pushrodi au ya cheni ya ndani. Hilo linathibitishwa kwa kutazama injini yenyewe.

Beringi nazo zina lugha ya kimataifa. Beringi namba 6301, kwa mfano, ina tundu la milimita 12, upana wa nje milimita 37 na unene milimita 12, iwe imetengenezwa Japani, India au China. 6202 ni milimita 15, 35 na 11. Herufi 2RS humaanisha imefungwa kwa mpira pande zote mbili. Mwenye kusoma namba ya beringi iliyotoka anaweza kuinunua duka lolote la beringi, hata la pampu za maji, bila kutaja jina la pikipiki.

Kwa cheni, namba 428 inaeleza umbali kati ya pini moja na nyingine, ambao ni milimita 12.7. Herufi H huashiria cheni nzito zaidi. Cheni mpya ifungwe pamoja na sproketi mpya za mbele na nyuma, kwa kuwa meno yaliyolika huimaliza cheni mpya kwa muda mfupi.

Kwa tairi, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye tarakimu tatu ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hata ikiwa na kashata nzuri haifai kubeba mtu.

Kabla ya kupiga kiki

Kosa la kwanza la wamiliki wengi ni kuitoa pikipiki stoo, kumimina petroli na kuanza kupiga kiki. Injini iliyolala miaka inaweza kuwa na kutu kwenye kuta za silinda, na ringi zilizoganda hukatika kwa mtikisiko wa kwanza.

Utaratibu salama ni kufungua plagi, kumwaga oili ya injini kiasi cha kijiko kimoja cha chai kupitia tundu lake, na kuiacha usiku kucha. Kesho yake kiki isukumwe kwa mkono, taratibu. Ikizunguka, endelea. Ikigoma, ongeza oili na usubiri tena. Kupanda juu ya kiki kwa uzito wa mwili hakusaidii kitu, na hugeuza tatizo la ringi kuwa tatizo la pistoni.

Tangi lifunguliwe na kunuswa. Petroli iliyokaa miaka hunuka kama vanishi na huacha utomvu unaoziba kabureta. Kutu ya wastani inaweza kuondolewa kwa kujaza siki na kuiacha siku moja au mbili. Baada ya hapo tangi lisuuzwe kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, likaushwe juani na kupakwa oili kidogo ndani mara moja, la sivyo kutu hurudi jioni ileile. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko na sigara.

Kabureta isafishwe kwa petroli safi na kupulizwa kwa hewa. Vitundu vidogo vya ndani visichokonolewe kwa waya, kwani tundu likipanuka hata kidogo pikipiki itakula mafuta kupita kiasi na mmiliki hatajua sababu.

Vipimo ambavyo mwenyewe anaweza kuviweka

Mwenye nyumba asiye fundi anahitaji vifaa vichache: spana, bisibisi zinazokaa vizuri, spana ya plagi, na fila, yaani vibao vyembamba vya chuma vya kupimia mianya.

Valvu za CG125 hupimwa injini ikiwa baridi, tena baridi ya usiku kucha. Zungusha injini kuelekea upande inakozunguka mpaka alama ya T kwenye magneti ikutane na alama ya kwenye kasha. Hakikisha mikono yote miwili ya valvu inacheza kidogo. Kama mmoja umebana, zungusha duru moja zaidi. Mwanya unaotakiwa ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili.

Mlio wa "tiki-tiki" humaanisha mwanya umezidi. Huo ni usumbufu tu. Hatari iko kwa valvu iliyobana kabisa, isiyo na mlio wowote, kwa sababu haifungi vizuri, hupata moto na kuungua. Ndiyo maana wenye uzoefu husema injini ya CG iliyonyamaza sana ichunguzwe.

Plagi iwe na mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Baada ya kuendesha kilomita kadhaa, rangi yake husema mengi. Kahawia ni nzuri. Nyeusi ya masizi makavu ina maana mafuta ni mengi kuliko hewa. Nyeusi yenye oili ina maana ringi au sili za valvu zimechoka. Nyeupe ina maana hewa imezidi na injini inachemka, na hiyo ndiyo inayotoboa pistoni.

Oili inayotoka na kuingia ni takriban lita 0.9. Wakati wa kupima, kijiti cha oili kiegeshwe tu tunduni bila kukazwa. Klachi ya pikipiki hii huogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini, hivyo oili ya gari yenye viongezi vya kupunguza msuguano inaweza kuifanya iteleze. Chupa ya oili ya pikipiki huandikwa JASO MA. Alama ya MB ni ya skuta zisizo na klachi ya aina hiyo.

Kwa injini ya umri huu inayobeba mizigo, ni busara kubadilisha oili kila kilomita 1,500. Haina filta ya karatasi ya kununua dukani. Ndani kuna wavu na kikombe kinachozunguka na kunasa uchafu, na vyote viwili husafishwa injini inapofunguliwa upande wa klachi.

Umeme wa volti 6 na mtego wake

CG za mwanzo zilikuwa na umeme wa volti 6 na platini za kukata moto. Mwanya wa platini uwe kati ya milimita 0.3 na 0.4, na nyuso zake zipigwe msasa laini zikichimbika. Kondensa ikifa, cheche huwa dhaifu na platini huungua haraka.

Taa na betri za volti 6 zimekuwa adimu madukani, hivyo wengi hutaka kuhamia volti 12 na mfumo wa CDI kutoka injini za Kichina. Inawezekana, lakini kwa seti nzima. Magneti, koili za ndani, kisanduku cha CDI, koili ya plagi na kidhibiti cha chaji vinunuliwe kutoka injini ya aina moja. Anayefunga kisanduku cha CDI peke yake hapati moto. Anayefunga taa za volti 12 kwenye mfumo wa volti 6 hupata mwanga wa kibatari. Anayefunga taa za volti 6 kwenye mfumo mpya huziunguza usiku wa kwanza.

Breki kabla ya injini

Wamiliki hupenda kuanza na mlio wa injini. Utaratibu unaookoa maisha ni kuanza na breki, tairi na usukani.

Breki za CG ni za ngoma mbele na nyuma. Bitana zilizokaa miaka hugeuka ngumu na kung'aa kama kioo, na nyingine hubanduka kwenye chuma chake ghafla. Zibadilishwe hata kama bado ni nene. Kipenyo cha ngoma kipimwe kabla ya kununua, kwani bitana za pikipiki za Kichina zina saizi kadhaa zinazofanana kwa macho.

Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Bitana nyingi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, inayosababisha saratani ya mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi na ukitupe.

Nyaya za breki na klachi zikaguliwe kwenye ncha, mahali ambapo nyuzi huanza kukatika moja moja. Inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani taratibu. Kama unanasa katikati, beringi za usukani zimekula mashimo, na pikipiki ya namna hiyo huyumba yenyewe ikiwa na mzigo.

Kazi za kumwachia fundi

Ziko kazi zisizofaa kufanywa barazani. Kuchonga silinda ni mojawapo. Pistoni kubwa kuliko ya asili huuzwa kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, na namba hiyo hupigwa juu ya kichwa cha pistoni.

Kanuni inayowaokoa wengi ni hii: nunua pistoni kwanza, ndipo upeleke silinda ikachongwe kwa kuifuata pistoni hiyo. Wapo waliochonga silinda kwa 0.50, wakafika dukani wakakuta 0.75 pekee, wakarudi kuchonga mara ya pili na kupoteza nusu ya uhai wa silinda kwa siku moja.

Krankshafti iliyolegea, injini iliyonoki na uzi wa bolti uliokufa kwenye alumini navyo vinataka karakana yenye mashine. Mmiliki anaweza kuifungua na kuifunga injini nyumbani akiwa mvumilivu, lakini vipimo vya ndani viachwe kwa mwenye vifaa.

Spea zinapovuka mpaka

Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji, hapa ndipo faida hupatikana au hupotea. Tofauti ya bei kati ya miji miwili ya mpakani huvutia, na vituo vya kutoa huduma kwa pamoja, kama Busia iliyozinduliwa rasmi Februari 2018 na Namanga iliyozinduliwa Desemba mwaka huohuo, vimepunguza foleni. Lakini kupungua kwa foleni si kufutwa kwa kodi.

Utaratibu rahisi wa biashara ndogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomruhusu mfanyabiashara kuvusha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili, unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Pistoni ya China iliyonunuliwa Kenya haigeuki kuwa bidhaa ya Kenya kwa kuwa tu ilikaa rafuni huko.

Kutokana na hilo, spea kutoka nje ya Jumuiya zinaweza kutozwa ushuru zikiingia nchi ya pili, hata kama zililipiwa zilipoingia nchi ya kwanza. Juu yake kuna VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Uganda na Tanzania. Mfanyabiashara anayelinganisha bei ya duka la Nairobi na la Arusha bila kuongeza gharama hizo analinganisha vitu viwili tofauti.

Risiti halisi yenye maelezo ya kila kitu ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Bila risiti, ofisa wa forodha hukadiria thamani mwenyewe, na makadirio hayo si lazima yampendelee mwenye mzigo. Kuvusha kwa njia za panya kunaweza kumgharimu mtu mzigo pamoja na chombo kilichoubeba.

Pikipiki yenyewe inapovuka

Pikipiki ya zamani inayovuka mpaka kwa safari ya biashara hukaguliwa kama chombo kingine chochote. Inahitaji kadi ya usajili, kibali cha muda cha forodha na bima inayotambulika upande wa pili. Kadi ya Njano ya COMESA ni bima ya madhara kwa mtu wa tatu inayotumika katika nchi kadhaa za ukanda huu, ikiwemo Tanzania, ingawa nchi hiyo si mwanachama wa COMESA.

Tatizo linalowakuta wengi ni namba ya injini. Mmiliki aliyechoka na injini ya zamani hununua injini nzima ya 156FMI na kuifunga kwenye fremu ya Honda. Chombo kinatembea vizuri, lakini kadi bado ina namba ya injini ya zamani. Mpakani, namba isiyolingana na kadi ni dalili ya chombo cha wizi mpaka mwenyewe athibitishe vinginevyo, na wakati huo pikipiki inaweza kuzuiliwa.

Njia sahihi ni kutunza risiti ya injini mpya na kupeleka taarifa kwa mamlaka ya usajili ili kadi irekebishwe, yaani NTSA kwa Kenya na TRA kwa Tanzania, kabla ya kufikiria kuvuka. Anayenunua pikipiki kuukuu naye alinganishe namba ya fremu na ya injini na kadi kabla ya kutoa fedha. Pikipiki isiyo na kadi ni rundo la spea, na bei yake iwe ya rundo la spea.

Hesabu ya mwisho

Uamuzi wa kufufua au kuuza usifanywe kwa mapenzi pekee. Chukulia mfano wa pikipiki inayomwingizia mtu shilingi 15,000 kwa siku. Ikilala siku sita ikisubiri spea, hasara ni shilingi 90,000 kabla ya kununua chochote. Kwa hiyo spea ya bei rahisi inayochelewa wiki nzima inaweza kuwa ghali kuliko ya bei ya juu iliyopo duka la jirani.

Kwa mantiki hiyohiyo, mwenye CG ana nafasi nzuri kwa sababu spea zake zinapatikana karibu kila mji wenye bodaboda. Mwenye pikipiki ambayo spea zake lazima ziagizwe ng'ambo afanye kazi hiyo kwa kujifurahisha, si kwa kuitegemea kumlisha.

Aidha, ukarabati wa nyumbani una faida isiyoonekana kwenye karatasi. Dereva aliyeweka mianya ya valvu kwa mkono wake huisikia injini inapobadilika sauti akiwa barabarani, na husimama kabla haijanoki. Kwa anayebeba nyanya au mayai kilomita 40 kutoka gereji ya karibu, huko ndiko kufika sokoni au kulala njiani.

Kwa ufupi, anayetaka kuanza azingatie haya:

1. Linganisha namba za fremu na injini na kadi kabla ya kutumia hata shilingi moja.

2. Anza na breki, tairi, nyaya na usukani, kisha ndipo injini.

3. Usilazimishe kiki. Oili na subira kwanza.

4. Nenda dukani na spea ya zamani na kipimo, si na jina la pikipiki pekee.

5. Nunua pistoni kabla ya kuchonga silinda.

6. Umeme ubadilishwe kwa seti nzima au uachwe kama ulivyo.

7. Spea za kuvusha mpaka zihesabiwe pamoja na ushuru na VAT, na risiti itunzwe mpaka mzigo ufike.

Anayetimiza hayo anaweza kuitoa stoo pikipiki ambayo jirani zake walishaiita chuma chakavu, akaifanyia kazi miaka mingine mingi. Na ikiwa baada ya hesabu bado inaonekana kula kuliko kuleta, atakuwa angalau anajua kilicho kizima ndani yake, na ataiuza kwa bei ya spea badala ya bei ya kilo.